Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: muulizeni mgonjwa baba yake alikufa kwa ugonjwa gani

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, wakurugenzi wa hospitali za rufaa na wasimamizi wa Bima ya Afya kwa Wote

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kilimanjaro, na nawaandikia nikiwa na daftari la kaka yangu mezani. Ni lile daftari la kawaida tunalobeba tunapokwenda kumwona daktari. Kurasa za mwanzo zina hesabu zake za mbolea na dawa ya kahawa. Katikati ndipo ugonjwa unapoanza. Mna miandiko ya watabibu wanne, wa vituo vitatu, kwa muda wa miezi 19. Mwandiko wa kwanza unasema bawasiri. Wa pili unasema amiba. Wa tatu unasema vidonda vya tumbo, umepigiwa mstari chini. Wa nne unasema upungufu wa damu, apewe vidonge vya kuongeza damu. Mwanaume wa miaka 36, mlima kahawa, anapungukiwa damu bila ajali wala upasuaji, na anarudishwa nyumbani na vidonge.

Daftari hilo nimelisoma mara nyingi nikitafuta mstari mmoja tu: unaosema kwamba baba wa mgonjwa alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 46. Haumo. Kaka hakuficha chochote. Hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa na mkanda wa ngozi. Baada ya Pasaka alitoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Agosti akatoboa la pili. Desemba, tulipokusanyika nyumbani kama ilivyo desturi yetu Wachaga, nilihesabu matatu. Januari tumbo lilijifunga kabisa, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na saratani ikakutwa imeshafika kwenye ini. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka kaburi la baba, akiwa na miaka 38.

Kwenye kikao cha ukoo baada ya mazishi, mzee mmoja alisimama akasema waziwazi kile ambacho wengi walikuwa wakinong'ona: katika mji huu kuna laana. Akataja majina. Baba kwa utumbo. Shangazi yetu, dada yake baba, kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 51. Sasa kaka. Simlaumu mzee yule. Alikuwa amefanya kitu ambacho watabibu wanne hawakukifanya: alikuwa amehesabu.

Wa pili kuhesabu alikuwa daktari kijana niliyekutana naye nilipompeleka mama kliniki ya shinikizo la damu. Aliniona nimevaa nyeusi, akaniuliza nimefiwa na nani. Nilipomjibu akauliza tena, na tena, kisha akageuza fomu ya maabara na kuchora nyuma yake. Mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke. Aliyekufa akamkata kwa mstari wa mshazari. Aliyeugua saratani akampaka wino mweusi, na pembeni akaandika umri. Haikumchukua dakika kumi. Akaniambia, "Mwalimu, hii ina jina."

Jina lake kitaalamu ni sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoleta saratani ya utumbo, ya mji wa mimba na nyingine kadhaa katika ukoo mmoja. Kanuni ya kuishuku ilipangwa na wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 1990, ikapanuliwa mwaka 1999, na nadhani hata wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeikariri: tatu, mbili, moja. Ndugu watatu wenye saratani za kundi hili, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa wa wale wawili. Vizazi viwili vinavyofuatana. Mmoja wao awe ameugua kabla ya miaka 50. Sisi tulikuwa tumetimiza yote siku kaka alipoingia zahanati mara ya kwanza, akapewa dawa ya kupaka ya bawasiri.

Ndiyo maana nawaandikia. Kanuni hiyo haidai mashine. Inadai swali, kalamu na mtu wa kusikiliza jibu.

Ugonjwa huu wenyewe uligunduliwa kwa namna hiyo. Mwaka 1895 huko Michigan, Marekani, fundi cherehani mmoja alimweleza daktari Aldred Warthin kwamba anaamini atakufa kijana kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya kizazi, kwa sababu ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Mama yule hakuwa na darubini. Warthin angeweza kumtuliza na kumwambia aache mawazo. Badala yake alianza kuandika habari za ukoo ule, na mwaka 1913 akazichapisha. Fundi yule alikufa kweli kwa saratani ya mji wa mimba. Katika miaka ya 1960 Henry Lynch, daktari wa Nebraska, akaendeleza kazi hiyo, na miaka ya 1993 na 1994 vikapatikana vinasaba viwili vya kwanza vinavyohusika. Karibu karne nzima ya sayansi, na chanzo chake ni mgonjwa aliyesema habari za nyumbani kwao na daktari aliyeziandika.

Niruhusuni nieleze ugonjwa unavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo ya nchi yetu yanapogawanyika pande mbili, na kila upande umeshika nusu. Upande mmoja unasema saratani ni chakula: mtu amejitakia kwa nyama na bia. Mwingine unasema ni damu ya ukoo, au laana, na hakuna la kufanya. Wa kwanza unamwaibisha mgonjwa, wa pili unamkatisha tamaa. Wote wawili humfikisha hospitali akiwa amechelewa.

Ukuta wa ndani wa utumbo hujivua na kujiotesha upya kila baada ya siku chache. Kila seli inapogawanyika inanakili vinasaba vyake vyote, na kazi kubwa namna hiyo haikosi makosa. Mwili una wakaguzi, wanaojulikana kwa majina ya MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kazi yao ni kama ya fundi cherehani mwangalifu: kukagua mshono, kufumua pale ulipokwenda upande na kushona upya. Tunazaliwa na nakala mbili za kila kinasaba cha ukaguzi huo, moja ya baba na moja ya mama. Katika koo zenye Lynch nakala moja imeharibika tangu mimba inatungwa. Ya pili hubeba mzigo peke yake, hadi siku nayo inapoharibika ndani ya seli fulani. Hapo makosa hurundikana, na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho kwa mtu mwingine kingechukua kama miaka 10 kugeuka saratani huweza kugeuka ndani ya miaka mitatu au pungufu. Kila mtoto wa mzazi mwenye kinasaba hicho ana nafasi nusu kwa nusu ya kukirithi, awe wa kike au wa kiume.

Chakula kinaingia hapo hapo, kwenye ukuta huo unaoshonwa upya kila wiki. Nyuzinyuzi za maharage, dona, ulezi, mboga na ndizi hazimeng'enywi tumboni. Zinafika kwenye utumbo mpana, na bakteria wema wanazigeuza kuwa butireti, ambayo ndiyo lishe ya seli za ukuta ule na hutuliza uvimbe wa ndani, ule wa mwasho, si ule wa saratani. Chuma iliyomo kwenye wekundu wa nyama hufanya kinyume chake: huchokoza ukuta na kusaidia kutengeneza kemikali zinazojeruhi vinasaba. Moto wa choma unaounguza nyama huzaa nyingine, na hapa tena urithi unaingia, maana vimeng'enya vinavyoshughulikia kemikali hizo hutofautiana nguvu kati ya mtu na mtu. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa huja na naitraiti zake. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, liliweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kusababisha. Kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa kwa siku, yaani kama soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa takriban asilimia 18.

Kwa hiyo chakula kinaamua ni mishono mingapi itakwenda upande, na urithi unaamua nani yupo wa kuifumua.

Na si Lynch peke yake. Koo zenye vinasaba vikali vya namna hii huchangia sehemu ndogo tu ya wagonjwa wa saratani ya utumbo duniani. Lakini kuna vinasaba vidogo vidogo zaidi ya 200 ambavyo kila kimoja huongeza hatari kidogo, na mtu mwenye mzazi au ndugu wa kuzaliwa aliyeugua ana hatari takriban mara mbili ya mtu mwingine. Familia nyingi zimo katika kundi hilo bila kujua. Tusisahau pia kwamba familia hushirikiana mambo mawili, damu na chungu. Watoto wanarithi kinasaba, na wanarithi chumvi, mafuta na kiasi cha nyama.

Zamani ugonjwa huu wa saratani ya utumbo ulikuwa nadra kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, alishangaa jinsi alivyoukuta mara chache sana, na mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba siri iko kwenye nyuzinyuzi za chakula cha watu wa vijijini. Mwaka 2015 hoja ikapimwa kwa njia ya moja kwa moja. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wakabadilishana mlo kwa wiki mbili. Wamarekani walipokula chakula cha vijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, butireti iliongezeka na uvimbe ukapungua utumboni. Waafrika Kusini walipokula cha Marekani, mambo yaligeuka vibaya. Wiki mbili tu, na vinasaba vyao havikubadilika hata kimoja.

Kisha kuna utafiti ambao kila nikiufikiria moyo unaniuma, kwa sababu ulifanyika hapa hapa Kilimanjaro. Watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwashirikisha wanaume 77 wa mkoa wetu, na matokeo yakachapishwa Aprili 2025. Waliozoea chakula cha asili walipohamishiwa kwenye mlo wa kisasa kwa wiki mbili, viashiria vya uvimbe kwenye damu vilipanda. Waliozoea mlo wa kisasa waliporudishiwa cha asili, vilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Waliokunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja nao walionyesha kupungua kwa uvimbe. (Watu wa nyumbani wasinielewe vibaya: kilichopimwa ni uvimbe, si saratani, na pombe yoyote inajulikana kuongeza hatari ya saratani ya utumbo.) Habari hiyo niliisoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilipoinua macho, mbele ya dirisha la duka la shule watoto walikuwa wamepanga foleni ya soseji nyekundu za kijiti.

Sidai kwamba nyama ni jambo geni kwetu. Mchaga anajua kisusio, supu yetu ya damu na nyama, tangu utotoni. Lakini ng'ombe alichinjwa kwa harusi, kwa msiba, kwa Krismasi. Leo vijana wa rika la kaka yangu wanakula nyama choma kila jioni ya siku za soko, kando yake chipsi, na kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kimeachiwa wazee. Kumbukumbu za Hospitali ya Muhimbili na za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zinaonyesha wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na puru waliongezeka takriban mara sita kati ya mwaka 2005 na 2015. Na si wazee tu. Jirani zetu Kenya walimpoteza Ken Okoth, mbunge wa Kibra, Julai 2019, kwa saratani hii hii. Alikuwa na miaka 41.

Sasa mtu ataniuliza, na mimi mwenyewe nilijiuliza: baba yenu alikula kiburu na maharage maisha yake yote, soseji hakuijua, mbona alikufa na miaka 46? Ni kweli. Chakula chema hakikumtosha. Aliyezaliwa na nakala moja tu nzima ya mkaguzi anahitaji kuangaliwa utumbo kwa kamera kila mwaka au kila miaka miwili, kuanzia miaka ya ishirini, ili vinyama vikatwe kabla havijawa saratani. Hakuna mboga inayochukua nafasi ya kamera hiyo.

Lakini si kweli kwamba kwa watu kama sisi chakula hakina maana. Kuna jaribio kubwa liitwalo CAPP2, lililofanywa katika nchi kadhaa kwa watu wenye Lynch. Wenye unene uliopitiliza walikutwa na hatari ya saratani ya utumbo zaidi ya mara mbili ya wenye uzito wa kawaida. Waliopewa aspirini ya miligramu 600 kwa siku, saratani ya utumbo iliwapata 40 kati ya 427. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 58 kati ya 434. Kundi jingine lilipewa wanga sugu, yaani usiomeng'enywa tumboni, aina ile iliyomo kwenye ndizi mbichi. Haukupunguza saratani ya utumbo, lazima niseme hivyo. Ila matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba saratani nyingine za ukoo wa Lynch zilikuwa 27 kati ya watu 463 waliopewa wanga huo, na 48 kati ya 455 ambao hawakupewa. Kinasaba kilekile, hatima tofauti, kutegemea kinachopita tumboni. (Ndugu msomaji, usianze aspirini kwa kusoma barua hii. Inaweza kutoboa tumbo; zungumza na daktari.)

Mimi nilipimwa kwa kamera mwaka uliofuata kifo cha kaka. Bima niliyokuwa nayo ilikataa kulipa, kwa maelezo kwamba siumwi. Nikauza ndama. Nilikunywa ile dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha, asubuhi nikapanda gari la kwanza kwenda mjini, na walikuta vinyama viwili, wakavikata papo hapo. Kimoja kilikuwa kimeshaanza kubadilika. Nawaombeni mlitafakari neno "siumwi" kwa kuzingatia hilo.

Ninachoomba si kikubwa kuliko uwezo wa nchi hii. Naomba swali la ukoo liingie kwenye kadi, majalada na vitabu vya MTUHA, yaani vile vya kumbukumbu za wagonjwa, kuanzia zahanati: nani kwenu aliugua saratani, ipi, akiwa na umri gani, upande wa baba na upande wa mama. Liulizwe kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu wazee wetu hawasemi saratani. Watasema alikufa kwa tumbo, au alivimba, au alitoka damu. Mhudumu afundishwe kuyasikia maneno hayo. Na yeyote anayetoa damu chooni au kupungukiwa damu bila sababu, huku swali hilo lina jibu la ndiyo, asipewe dawa ya bawasiri kabla ya kupimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa na kupelekwa kwenye kamera, hata kama ana miaka 25. Kampeni za upimaji ninazoziona huku zinataja matiti, shingo ya kizazi na tezi dume. Utumbo uongezwe.

Naomba kila uvimbe wa saratani ya utumbo unaotolewa kwenye upasuaji upimwe maabara kama wale wakaguzi wanne wapo. Uingereza wamepewa mwongozo wa kufanya hivyo kwa kila mgonjwa wa saratani ya utumbo tangu mwaka 2017. Kipimo ni cha kupaka rangi kwenye kipande cha nyama ambacho tayari kimekatwa. Hakimwongezei mgonjwa kisu. Mkaguzi akikosekana, waitwe ndugu zake. Kaka alipofanyiwa upasuaji, kipande chake kilipimwa kuthibitisha saratani tu. Neno moja la ziada kwenye fomu ya maabara lingetuambia ukweli sisi sote tuliobaki.

Kwa wasimamizi wa bima: sheria ya mwaka 2023 inaitwa ya Bima ya Afya kwa Wote. Ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya wote. Kumkata mtu vinyama viwili ni nafuu mno kuliko upasuaji wa dharura, dawa za kemo na mionzi, na mjane mwenye watoto watatu.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, maana hili mnalijua. Chakula cha shuleni kiwe dona na maharage, si sembe. Soseji zisiuzwe ndani ya uzio wa shule. Pakiti za nyama za kusindikwa ziandikwe kwa Kiswahili zina nini. Na vyakula vyetu vya asili vifundishwe darasani kama kinga ya mwili, maana sasa vinatajwa siku ya utamaduni tu, watoto wakicheza ngoma na kupigwa picha.

Mtoto wa kwanza wa kaka yangu ana miaka 17. Anasoma sekondari ya bweni, anacheza mpira, na viatu vyake ni namba 44 kama vya baba yake. Kwake hatujui bado upande gani wa nusu kwa nusu. Nimemchorea ile miraba na miduara kwenye karatasi safi, nikaandika umri pembeni, nikaikunja na kuiweka ndani ya kadi yake ya bima. Nimemwambia popote atakapotibiwa aitoe mwenyewe, hata asipoulizwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, Kilimanjaro